Kikombe cha Fahali wa Mawimbi

Nsanzimana alikuwa akila senene kama bibi anavyosali rozari: mmoja mmoja, macho nusu yamefumba, midomo haipumziki. Mbele yake, juu ya meza ya mbao, flashi zilipangwa kwa rangi, na spika yenye ukubwa wa debe ilikuwa ikimwaga sauti ya marehemu barabarani.

"Leteni vyombo! Maziwa yamefika! Lakini kwangu hanywi mtu bila kujitamba. Jitambe kwanza, ndipo uombe wimbo!"

Vijana wa bodaboda waliokuwa wakisubiri abiria kutoka ng'ambo ya mpaka waliitikia kwa pamoja, kama waumini kanisani: "Jitambe kwanza!"

Sajenti Dafroza, mpelelezi wa polisi kutoka Kayanga, aliinama akaizima spika. Mji mzima wa Murongo, pale mpakani, ukamgeukia.

"Wee mama, umemzima Fahali!" mmoja alifoka.

"Fahali kashazikwa. Mimi nimezima spika," Dafroza alijibu, akavuta kigoda na kuketi bila kukaribishwa. "Nsanzimana, habari za biashara?"

"Zilikuwa nzuri mpaka ulipokaa, afande."

Dafroza alicheka. Alikuwa na kicheko cha mtu aliyewahi kufukuzwa shule kwa kukosa ada, akafukuzwa kazi ya hoteli kwa kumjibu bosi, akafukuzwa na mbwa wa tajiri usiku wake wa kwanza wa doria, na kila mara akarudi. Mpelelezi asiyejua kucheka hufa na presha, na wahalifu wakaja kula matanga yake.

Kesi yenyewe haikuwa ya kuchekesha. Mutalemwa, ambaye wilaya mbili zilimwita Fahali wa Mawimbi, alikuwa ametangaza kipindi cha "Maziwa ya Jioni" katika Redio Ihembe tangu Dafroza akiwa msichana wa shule kule Kanoni. Figo zilimlaza hospitali ya Nyakahanga, na safari hii hakuinuka. Kabla hajakata roho alijirekodi kwenye rekoda yake kuukuu ya kaseti, akaapiza kwamba asiinakili mtu wala asiisikilize mtu mpaka siku ya kumaliza matanga, mbele ya watu wote. Siku hiyo ilikuwa kesho. Na rekoda ilikuwa imetoweka studio, mlango umefungwa, kufuli zima.

Funguo za studio zilikuwa mbili. Mmoja alikuwa nao meneja, ambaye wakati huo alikuwa Bukoba kikaoni. Wa pili alikuwa nao fundi mitambo, Ayebare, na sasa Ayebare alikuwa mahabusu. Mkuu wa Dafroza alikuwa ametamka neno moja na kugonga meza: rekoda isipopatikana kabla ya kumbukumbu hiyo ya kesho, Jumatatu kijana anapandishwa kizimbani.

"Ulitangaza hapa hapa," Dafroza alisema, "kwamba utauza maneno ya mwisho ya Mutalemwa."

"Nilitangaza. Biashara ni matangazo, afande. Hata muuza nyanya husema zake ni tamu kabla hujazionja."

"Nyanya zenyewe umezitoa wapi?"

"Sijazitoa popote! Nilipanga kuja kesho na simu yangu, nisimame karibu na spika, ninase kama watu wengine."

Dafroza alifungua kisanduku chini ya meza. Aliunganisha flashi moja baada ya nyingine kwenye spika, akisikiliza kidogo na kuitoa. Zote zilikuwa vipindi vya zamani. Vijana wa bodaboda walifurahi kupewa burudani ya bure na serikali.

"Na studio ulikwenda lini?" aliuliza bila kuinua macho.

Taya za Nsanzimana zikasimama. "Nani kakuambia nilikwenda?"

"Wewe. Sasa hivi, kwa kuacha kutafuna."

Vijana waliangua kicheko. Nsanzimana alimeza senene wake, akanyoosha mikono. "Haya. Nilikwenda, kabla haijapotea. Nilimfuata Ayebare, nikamtajia bei nzuri ya kile kikaseti. Akanitoa nje na bisibisi mkononi! Akaniambia sauti ya yule mzee haipimwi kwa kilo."

"Kwa hiyo mwizi wetu aliletewa mnunuzi mlangoni, akamfukuza."

"Mimi nimesema ya kwangu tu, afande. Hesabu piga wewe."

Dafroza aliiwasha spika tena, akachota senene kiganja kimoja, akaondoka akitafuna.

*

Aristides, meneja wa Redio Ihembe pale Kayanga, alikuwa mtu wa tai hata siku za jua kali. Alifungua mlango wa studio kama padri anayefungua tabernakulo.

"Hapa haingii mgeni," alisema, akionyesha bango. MARUFUKU WASIO WAFANYAKAZI. "Nimeliandika mwenyewe. Kwa hiyo ukitafuta mwizi, mtafute ndani. Na ndani kuna fundi mmoja."

"Na kesho kiti cha Mutalemwa anakalia nani?"

Aristides alirekebisha tai. "Mpwa wangu. Amesomea mawasiliano. Tutamtambulisha kwenye kumbukumbu, watu wamzoee."

Chumba kilikuwa kidogo, kuta zimevikwa trei za mayai ili sauti isirudi. Dafroza alianza na kufuli: halikuwa na mkwaruzo. Nondo za dirisha zilikuwa na utando wa buibui mzima, wenye mwenyewe ndani. Kwenye rafu, vumbi lilikuwa limeacha umbo la mstatili pale rekoda ilipokuwa. Aliyeichukua hakuivuta, aliinyanyua, kwa mikono miwili, taratibu.

Mezani, mbele ya maikrofoni, palikuwa na kikombe cha bati chenye ua jekundu. Wilaya nzima ilikijua kikombe hicho kwa mlio. Mutalemwa alikuwa akikigonga kwa kijiko kabla ya kusema lolote. Kilikuwa kimepinduliwa, mdomo chini.

"Nani kakiosha?"

"Hakuna. Hapa hakuna anayethubutu kukigusa."

Dafroza alivaa glavu, akakiinua. Juu ya meza palibaki duara la kahawia, limekauka na kung'ata mbao. Ndani ya kikombe majani ya chai yalikuwa yameganda.

"Mzee Aristides, kwako nyumbani kikombe mnakipindua lini?"

"Kikishaoshwa. Kikauke."

"Hiki kilipinduliwa na chai ndani yake. Chai ikamwagika mezani, na mtu huyo akaiacha. Mwizi ana haraka ya kutoka, sasa anasimama kumwaga chai ya marehemu kwa sababu gani?"

"Labda alikigonga akiwa gizani."

"Kikombe kikigongwa hulala ubavu. Hakipigi magoti." Alikitia kikombe ndani ya mfuko wa vielelezo. "Nitakuwa nacho."

Alipokuwa akitoka alipita karibu na kiti cha mtangazaji. Zamani, akiwa na sare ya shule, aliwahi kupiga simu katika kipindi hiki kuomba wimbo. Sauti ile nzito ikamwambia, jitambe kwanza, na yeye akakauka kama jani la mgomba kiangazi. Mutalemwa hakumcheka. Alimwambia: "Nenda kafanye kitu, binti wa Kanoni, kisha urudi ujitambe." Dafroza hakuwahi kurudi. Alifunga mlango.

*

Huko mahabusu, Dafroza alimpelekea Ayebare ndizi na maharage kwenye sahani. Kijana huyo wa miaka thelathini na ushee, vidole vimejaa makovu ya moto wa kulehemu nyaya, alikula kwa adabu, kama yuko ugenini.

"Nsanzimana anakusalimu. Anasema bisibisi yako ni kubwa."

Ayebare alitabasamu kidogo.

"Rekoda iko wapi?"

"Sijui, afande."

"Nani alipindua kikombe?"

Kijiko kilikawia njiani kuelekea mdomoni. "Sijui, afande."

"Aa! Sijui ya rekoda ilitoka kama maji ya bomba. Sijui ya kikombe imetoka kwa mkunga." Dafroza aliketi sakafuni, mgongo ukutani. "Kaseti ina nini?"

"Ina yeye."

"Na nani mwingine?"

Ayebare alitazama sahani. "Mimi ndiye niliyeishika mashine pale hospitalini. Hayo mengine aliagiza yasikilizwe siku yake."

"Unajua Jumatatu ikifika itakuwaje?"

"Redio haitanirudisha. Wala redio nyingine haitanichukua. Fundi aliyeitwa mwizi hapewi hata tochi ya kutengeneza."

"Basi sema unachojua!"

"Afande," alisema polepole, "kuna maneno ukiyasema watu wakiwa matangani, hata yakiwa kweli, yanabaki mdomoni mwako mpaka ufe."

Dafroza alichukua sahani tupu, akatoka, akasimama kaunta akiigonga gonga kwa kidole. Mtu haogopi kumwita jirani mwizi. Haogopi kumwita meneja wake mwizi. Wapo wanaolifanya hilo kwa raha kabisa. Lakini yupo mtu mmoja ambaye huwezi kumwita mwizi wakati wa matanga, na huyo ni mfiwa.

Akarudi dirishani pa mahabusu. "Ayebare! Baada ya maziko, ndugu wa Mutalemwa walikuja studio kushukuru?"

Ayebare alimgeuzia mgongo, akajifanya amelala. Kwa Dafroza, hilo lilitosha kuwa maelezo yaliyotiwa sahihi.

*

Asubuhi iliyofuata gari la polisi liliacha migomba nyuma, likapanda nyanda za Kyerwa ambako nyasi zinainama na ng'ombe wenye pembe ndefu hawapishi gari bila kufikiri. Mutalemwa alizaliwa huko, katika ukoo wa wafugaji. Yeye mwenyewe hakuwahi kumiliki ng'ombe. Alisema mawimbi ya redio yanamtosha, hayaugui kupe.

Dada yake mkubwa, Anatolia, alikuwa uani akifukiza vyombo vya maziwa kwa moshi wa nyasi kavu. Alikuwa mrefu, mwembamba, rozari shingoni na fimbo karibu.

"Shikamoo, bibi. Poleni na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumepoa. Oraire ota?"

"Nimelala salama, bibi. Mimi ni Dafroza, polisi, lakini kwetu ni Kanoni."

"Wa migombani." Bibi alimpima juu hadi chini. "Mnakula vizuri huko. Karibu ndani."

Ndani palikuwa na baridi na harufu ya moshi mtamu. Dafroza aliketi mkekani, macho yakizunguka kama ilivyo kazi ya polisi. Dirishani palikuwa na redio ndogo, uso umegeuziwa ukutani. Kwenye jukwaa la udongo vilipangwa vyombo vya maziwa vya mti, virefu, shingo nyembamba, kila kimoja kimevaa kofia yake ya ukindu. Vyote vilisimama wima isipokuwa kimoja. Kilikuwa kimepinduliwa, mdomo chini. Na pembeni yake palikuwa na kitu cha mraba kilichofunikwa shuka jeupe.

Dafroza alikitazama chombo kile mpaka chai aliyoiona kwenye meza ya studio ikaanza kueleweka.

"Bibi, kile ni cha nani?"

"Cha Mutalemwa. Alikinywea tangu anaota meno." Anatolia aliketi. "Kwetu, mwenye nyumba akifa, chombo chake kinapinduliwa. Hakinywewi mpaka apatikane wa kukisimamisha. Ninyi wa migombani mkifiwa mnafanyaje?"

"Tunaweka jembe chini, bibi. Halimwi shamba."

"Mmeona! Hata ninyi mna akili."

"Na kile kikombe cha bati cha studio?"

Bibi aliwaka. "Nilikikuta kimesimama! Na chai ndani! Mtu kazikwa jana, chai yake inamngoja kama kaenda chooni! Nikakipindua. Ningewapindua na wao, kama ningekuwa na nguvu."

"Na rekoda?"

Anatolia hakugeuza macho wala kutafuta neno. Alinyoosha kidole kwenye shuka jeupe. "Ile pale. Hiki cha mti ni chombo cha utoto wake. Chombo chake hasa ni kile. Miaka yote anaita kila jioni, leteni vyombo, leteni vyombo. Ulidhani alikuwa anamimina kutoka wapi? Nilimwomba yule kijana aniache nikae kidogo kwenye kiti cha mdogo wangu. Akatoka nje kwa heshima. Nikaifunga kwenye shuka, nikaitia kwenye kikapu. Nilikuwa nimesikia meneja anataka kumkalisha mpwa wake pale, matanga hayajaisha, hakuna mtu wa ukoo aliyeulizwa. Wizi haupo hapo. Nimeipindua tu mpaka apatikane mtu."

"Bibi, hiyo redio yako hujaifungua tangu msiba?"

"Kwa sauti ya nani?"

"Basi hujasikia." Dafroza alishusha sauti. "Ayebare yuko mahabusu. Anaitwa mwizi wa rekoda."

Bibi alishika fimbo lakini hakusimama. Nje ndama alilia, akanyamaza.

"Wamempiga?"

"Hapana. Yuko kwangu."

"Alinitaja?"

"Nilimuuliza, nikamtega, nikamtisha na Jumatatu. Hakukutaja."

"Hakunitaja," bibi alisema. Akarudia tena, sasa kwa sauti ya mtu anayeonja maziwa na kukuta ni mazuri. "Hakunitaja! Mutalemwa alimwokota yule akiwa anatengeneza tochi sokoni. Nikamwambia unapoteza muda na fundi asiyesema. Akaniambia, dada, chombo kizuri hakipigi kelele." Akasimama, mrefu kama mlingoti. "Twende."

Dafroza alinyoosha mikono kuipokea rekoda. Fimbo ikamzuia kifuani.

"Wewe unakwenda wapi? Chombo cha mdogo wangu hachukui mtu hivihivi. Jitambe kwanza."

Ndani ya mkoba wa Dafroza kulikuwa na hati ya upekuzi, imepigwa mihuri yote inayotakiwa na Jamhuri ya Muungano. Aliifikiria kwa muda wa kumeza mate. Kisha akatoka uani, akasimama mbele ya wachungaji na ng'ombe, akakohoa.

"Mimi Dafroza, Nisiyeridhika na Ufunguo wa Kwanza! Mwana wa Kanoni, niliyelelewa na kivuli cha migomba! Pale Murongo nilimkuta mtu anatafuna, nikazisoma taya zake! Pale Kayanga nilisoma chai iliyokauka, wenye tai wakiniambia ni giza! Walisema mwanamke hawezi kufuata nyayo za mwizi. Nikazifuata, na leo wao wananifuata mimi!"

Wachungaji waligonga fimbo chini. Ng'ombe mmoja alijibu kwa namna yake. Anatolia alitafakari.

"Ya mwisho ina nguvu," alisema. "Zile nyingine utazifanyia kazi."

Akamkabidhi rekoda.

*

Mkuu wa Dafroza alikuwa kaunta walipoingia. "Imepatikana? Mwizi yuko wapi?"

"Mwizi hayupo, afande. Kuna mfiwa."

Anatolia alikuwa tayari dirishani pa mahabusu, akigonga nondo kwa fimbo. "Wewe, fundi! Toka huko. Mimi ndiye niliyechukua, na nimewaambia mwenyewe. Umenipa heshima nisiyoiomba." Ayebare alitoka akikwepa macho ya watu, akapiga goti kumsalimu. Aristides naye alifika, akasikiliza habari yote, akalegeza tai kwa mara ya kwanza tangu aanze kuivaa. Aliomba radhi. Kwa sauti ya chini, lakini aliomba.

Saa tisa uwanja wa kumbukumbu ulikuwa umefurika. Wakatoliki na Walutheri walikaa mchanganyiko, wafugaji na wakulima vivyo hivyo, bodaboda za Murongo zikiwa zimepangwa mstari mmoja kama gwaride, Nsanzimana mbele kabisa na simu yake juu. Mpwa wa Aristides aliketi jukwaani na suti yake. Ayebare aliunganisha rekoda kwenye spika, akabonyeza.

Kwanza mkwaruzo. Kisha mlio wa kijiko kwenye glasi ya hospitali. Watu wakashika midomo.

"Leteni vyombo! Mimi Mutalemwa, Fahali wa Mawimbi! Nilipiga mbiu Karagwe, Kyerwa ikaitika! Nilimfundisha mwoga kusema jina lake! Hapa Nyakahanga wamenifunga mkononi kwa mpira wa maji. Fahali gani anafungwa kwa uzi? Mwili umelala, sauti haina kitanda! Na siku mnara ulipo..." Kikohozi kirefu. Pumzi. "Siku mnara ulipoanguka... Malizia wewe."

"Nani, mzee?" Ilikuwa sauti ya Ayebare, ndani ya kaseti.

"Wewe unayeshika mashine. Jitambe."

Kisha kimya. Kaseti ilizunguka, ikizunguka na kimya kile, uwanja mzima ukikisikiliza, na fundi wa Redio Ihembe, ambaye sauti yake haikuwahi kutoka hewani hata siku moja, alisimama kando ya spika kama mtu aliyeshikwa tena na polisi. Dafroza alikutana naye macho. Akainua kidevu: haya.

Ayebare alichukua maikrofoni.

"Mimi..." Ikapiga mluzi. Akaigeuza kidogo, kwa mkono wa mtu anayeijua, ikatulia. "Mimi Ayebare, Nisiyesema Nikiulizwa! Siku mnara ulipoanguka kwa radi, nilipanda mti na waya mdomoni, na mzee akatangaza kutoka shambani, na hakuna aliyejua! Nilishika nyaya zake, hazikukatika! Waliniita mwizi, nikanyamaza, leo nasema! Mimi fundi wa Fahali!"

Vigelegele vilipanda kama moto wa mbugani. Fimbo ziligonga ardhi, honi za bodaboda zikalia zote, na mpwa wa Aristides, kwa hekima ambayo hakuisomea popote, akainuka akamwachia kiti.

Dafroza alitoa mfuko wa vielelezo, akampa Anatolia. Bibi alikwenda jukwaani taratibu, akakitoa kikombe cha bati chenye ua jekundu, akakisimamisha wima mbele ya Ayebare. Alikitazama ndani, akakunja pua, akaisogelea maikrofoni ili wilaya zote mbili zisikie.

"Ni chako, mwanangu," alisema. "Lakini kioshe kwanza."